Alama za Asubuhi Aliyofariki Ilona

"Nimesema sizitumi!" Emmett aliifunga kompyuta kwa kishindo.

"1540 kati ya 1600, Emmett! Watu wanazililia alama hizo, wewe unazificha?" Lorena, mpenzi wake, alimshangaa. "Mimi na 1080 zangu ndiye wa kuzificha. Sawa, chuo kimesema si lazima kuzituma, lakini kwako wewe..."

"Unajua nilizipataje."

Lorena alijua. Mtaa mzima pale Toledo ulijua. Emmett akiwa ndani ya chumba cha mtihani wa SAT, ule wa kuombea chuo, simu imezimwa na kukabidhiwa kwa msimamizi, mama yake, Ilona, alikata roho hospitalini. Tangu hapo, kila akifumba macho anaisikia simu ile ikiita.

"Lazima alinitafuta, Lo. Mimi niko humo natafuta thamani ya x!"

"Hakukutafuta wewe."

Neno lilimponyoka.

"Unasemaje?"

"Alinipigia mimi. Nilikuwa nakusubiri nje kwenye gari. Nikashuka mbio nije nikutoe, akanikataza. 'Lorena mwanangu, usimtoe. Mwache amalize.'"

"Ukakaa?"

"Nikakaa."

"Miezi yote hii unanifuta machozi, kumbe unajua?"

"Emmett, nilikuwa naogopa..."

"Toka kwetu!"

Lorena akaondoka analia. Akamtumia ujumbe: "Nisamehe." Shuleni Emmett alimpita kama anapita nguzo ya taa.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo, theluji ikianguka, simu ya Lorena ikaita.

"Alisema nini tena?" Emmett hakusalimia. "Nataka yote. Usinipunguzie."

Lorena aliketi kwenye ngazi.

"Alikuwa anahema kwa shida. Akauliza kama umekula. Nikamwambia umekula mayai, mengine ukayamwagia shatini. Akacheka, Emmett. Kisha akasema, 'Mwambie sikuwa peke yangu. Nilikuwa naye humo ndani ya chumba cha mtihani.' Baada ya hapo nikasikia wauguzi tu."

Upande wa pili, mtu alikuwa akilia bila kujificha.

"Nilijua utanichukia," Lorena akasema.

"Nilikuchukia."

"Na sasa?"

"Njoo. Nashindwa kubonyeza peke yangu."

Alimkuta jikoni, kwenye kiti alichokuwa akikaa Ilona. Emmett akazifungua zile alama, akaziangalia kwa mara ya kwanza bila kugeuza uso. Lorena akamshika bega. Emmett akabonyeza mwenyewe.

"Na zako?" akauliza.

"Zangu hazitoki nje ya nyumba yetu!"

Emmett akacheka, kicheko kikageuka kilio, akamlalia kifuani. Giza likaingia hawajaachiana.

Baba yake Emmett aliporudi kutoka kazini akawasha taa, akawakuta vile vile. Akatupa jicho kwenye kompyuta.

"Umezituma?"

"Nimezituma, baba."

Mzee akavua kofia yenye theluji, akavuta kiti, akaketi nao.