Kengele Iliyolia Kabla ya Wakati

Kila asubuhi Kidole alikuwa mwanafunzi wa kwanza kufika shuleni. Alifungua chumba cha kompyuta, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta kongwe iliyoendesha kengele ya umeme, kisha akakagua ratiba ya siku. Jina lake halisi wengi walikwisha kulisahau. Alipoanza kujifunza kompyuta aliandika kwa kidole kimoja tu, tena kwa kasi ya ajabu, na wenzake hawakumwacha salama. Sasa alikuwa darasa la sita, vidole vyote kumi vinafanya kazi, na programu ya kengele aliitengeneza yeye kwa mihula miwili. Aliionea fahari, na nani asingeionea?

Jumatano moja darasa la saba walikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, kengele ikalia. Msimamizi akakusanya karatasi, watoto wakatoka wakinung'unika, mmoja akilia kabisa. Kosa lilipogundulika, majibu yalikwisha kulinganishwa uwanjani. Mtihani ukafutwa.

Mwalimu mkuu, mama asiyepandisha sauti hata akikasirika, alimwita Kidole ofisini na kumuuliza ni nani aliyeipiga. Kidole hakujua. Kompyuta nayo haikujua, kwa sababu viranja wote kumi na wanne walikuwa wakiingia kwa neno moja la siri. Hofu ikamshika, akasema la kwanza lililomjia mdomoni: kuna mtu ameiba neno la siri.

"Mtihani utarudiwa Ijumaa ya wiki ijayo," mwalimu mkuu alisema. "Ikifika Alhamisi bado siiamini kengele yako, inazimwa. Tutarudi kugonga chuma, na kompyuta itakwenda stoo."

Jioni Kidole alipita kwenye karakana ya mama yake, fundi wa makufuli. Mezani palikuwa na vitasa vya nyumba ya wageni, na funguo zimefungwa vikaratasi vya kuonyesha kila mmoja ni wa nani. Akamsimulia habari yote, huku akimlaani mwizi.

Mama hakuinua macho. "Neno hilo uliwapa watu wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na mwizi ni wa ngapi?"

 Ukweli ni kwamba Kidole aliligawa ili asisumbuliwe akiwa kwenye mpira wa pete, na pia asionekane mchoyo.

Mama akachukua ufunguo mmoja. "Mwenye huu anafagia vyumba vya chini. Ufunguo wake haufungui stoo. Si kwamba haaminiki, kazi yake haihitaji stoo, basi. Kitu kikipotea huko, hakuna wa kumsumbua." Kisha akamuuliza, kitasa cha stoo kikiharibika, mlango ubaki wazi au umefungwa. Kidole alijibu kuwa ubaki umefungwa, halafu akaikumbuka kengele yake. Programu yake ilifanya kinyume. Umeme ukikatika na kurudi, ikachanganyikiwa, ililia tu, kwa kuwa aliona heri ilie kuliko inyamaze.

Asubuhi alirudi ofisini. "Mwalimu, hakuna aliyeiba. Neno la siri niliwagawia viranja mwenyewe, kama pipi. Sijui kama mmoja wao aliipiga au ilijilia yenyewe."

Mwalimu mkuu akamwambia ukweli huo umechelewa siku moja lakini umefika, kisha akamruhusu akatengeneze.

Kidole alifanya kazi hadi Jumapili. Kila kiranja akapata neno lake mwenyewe, la kuangalia ratiba tu. Kuipiga kengele nje ya ratiba, au kubadilisha ratiba yenyewe, kulihitaji watu wawili, yeye na mwalimu mkuu, kila mmoja na neno lake. Kompyuta iliandika nani kaingia na saa ngapi. Ikichanganyikiwa au ikikatiwa umeme, inanyamaza na taa nyekundu ya betri inawaka, ili mtu agonge chuma.

Jumatatu akaomba jambo lililomshangaza kila mtu. Alitaka abandike mpango wote kwenye ubao wa matangazo, na shule nzima iruhusiwe kujaribu kuipiga kengele hadi Alhamisi.

"Unamchorea mwizi ramani?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Kufuli za mama zinauzwa dukani, mwalimu. Yeyote anaweza kununua moja akaifungua kwa bisibisi, aone ilivyo ndani. Siri ni ufunguo tu."

Shule ikageuka soko. Mmoja alijaribu jina la Kidole likiandikwa kinyumenyume. Wengine walichomoa waya ukutani, wakaishia kutazama taa nyekundu. Rafiki yake wa karibu alimbembeleza amnong'oneze neno lake. Kidole alikataa, akacheka, akamwambia hata angelipata lisingemfaa kitu likiwa peke yake.

Jumanne, kengele ikalia. Msichana mdogo wa darasa la nne, nywele zimejaa chaki, alikuwa amesogeza mbele saa ya kompyuta. Ratiba hakuigusa. Kidole alitamani ardhi ipasuke. Lakini alimshika mkono yule mdogo, akamketisha kitini na kumwomba amwonyeshe hatua kwa hatua. Siku hiyohiyo waliiziba njia hiyo pamoja. Jumatano hakuna aliyefaulu, wala Alhamisi.

Ijumaa darasa la saba walirudia mtihani. Kengele ikalia kwa wakati wake hasa, wakatoka mbio wakimtafuta Kidole, wakambeba juujuu.

Mwalimu mkuu akawakusanya wote uwanjani. "Zamani kengele hii ilitaka watu kumi na wanne wasikosee hata siku moja," alisema. "Hakuna watu wa namna hiyo. Ukitengeneza kitu cha kutumiwa na wengi, usiishie kusema wenzako ni wema. Jiulize mmoja akikosea itakuwaje. Na ukikosea wewe, sema, hata ukichelewa siku moja kama huyu. Haya, Kidole, tupigie kengele ya ushindi."

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi vipi? Si yako?"

"Peke yangu siwezi. Hata wewe peke yako huwezi."

Mwalimu mkuu aliangua kicheko ambacho shule haikuwahi kukisikia. Wakaenda pamoja chumba cha kompyuta. Kila mmoja akaandika neno lake huku mwenzake ametazama pembeni, na kengele ikalia kwa muda mrefu, na shule nzima ikapiga kelele za furaha.