Fyuzi ya Mia na Hamsini

Gari la matangazo lilishika moto asubuhi kweupe, likiwa katikati ya kusifia magodoro. Dereva alitolewa hai, ila kifua na mikono vilikuwa vimeungua vibaya, na mpaka adhuhuri daktari hakuthubutu kusema kama atapona.

Sajini wa upelelezi alikuwa mwanamke asiyeamini hata kivuli chake. Aliinama chini ya boneti akafuata waya mnene uliotoka kwenye betri kwenda kwenye amplifaya. Pale ulipopita kwenye tundu la bati, ngozi yake ilikuwa imesuguka mpaka shaba ikagusa bodi. Waya ukigusa bodi, fyuzi ya pembeni mwa betri hukatika na mambo huishia hapo. Hii ilikuwa nzima. Akaipangusa masizi, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma: ampea mia na hamsini.

Fundi aliyeufunga muziki ule alikuwa tayari rumande.

"Niliweka sitini, afande," alisema. "Fyuzi hupimwa kwa waya, na waya ule mwisho wake sitini. Ukizidisha, unaungua waya kwanza, fyuzi inatazama tu."

Sajini alimsikiliza kama anavyosikilizwa mwizi wa kuku. Kila mtuhumiwa ana maelezo mazuri. Akamuuliza nani anamchukia, fundi akajibu kwamba ana wawili tu: fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, na baba mkwe, mwenye gari lenyewe, ambaye hajaitikia salamu yake tangu amwoe binti yake. Kazi ile aliipata kwa sababu mke wake alimbembeleza baba.

Baba mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Mzee Kipaza, maana hata akiomba chumvi mezani jirani alisikia. Alimpokea Sajini ofisini kwake kwa sauti ya kutangaza mnada.

"Nilimwonya binti yangu, huyo ni fundi wa kubahatisha. Amplifaya inakohoa kila tukipita mashimo, nami nanyamaza kwa sababu ni mkwe. Ona sasa."

"Fyuzi iliwahi kubadilishwa, mzee?"

"Mimi fyuzi sijui ndogo wala kubwa. Kazi yangu kusema."

Kusema alisema kwelikweli, na Sajini aliondoka masikio yakimvuma.

Fundi wa ng'ambo alianza kutokwa jasho kabla hajaulizwa lolote. Kwenye droo ya duka lake zilikuwamo fyuzi za mia na hamsini, ndugu kabisa wa ile iliyotoka kwenye masizi. Sajini aliamini amempata mtu wake. Alimbana mpaka mtu akaomba kukaa, ndipo akakiri kwamba moja aliiuza juzi, na mnunuzi ni mke wa fundi.

"Alitaka dawa ya amplifaya inayokohoa," alisema. "Nikamuuliza ya ngapi, akasema kubwa kuliko zote. Nikajua katumwa na mumewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, Sajini alijiambia, akaenda nyumbani kwa mwanamke huyo akiwa na mashaka mapya. Labda mume alimtuma. Labda alichoka na mume. Mwanamke alikubali kwamba alinunua, lakini nani alimtuma hakutamka. Sajini alimweleza kuwa kimya chake kitamfunga mumewe, na dereva akifa kitamfunga miaka mingi. Alilia bila kujibu.

Kilio kile kilimsumbua Sajini. Mtu hamlilii mume hivyo huku akimwacha azame, ila kama upande wa pili yupo mwingine wa damu. Tena mke wa fundi angeomba fyuzi kwa namba, kama anavyosikia kila siku nyumbani. Huyu aliomba dawa ya kikohozi. Maneno yale alibebeshwa.

Akampeleka ofisini kwa baba yake.

"Dada, rudia ulivyosema pale dukani," Sajini akasema.

Alirudia akiangalia sakafu. Sajini akamtazama Mzee Kipaza.

"Mzee, ukiacha hayo ya dukani, leo kutwa ni wewe tu niliyekusikia ukisema amplifaya inakohoa. Ilikuwa inakatika kwa sababu waya unagusa bati. Ulikuwa unaonywa."

Mzee aliketi. Alieleza kwamba sitini ilikatika mara mbili mbele ya wateja, watu wakacheka. Angemrudia mkwe, mtaa ungesema Kipaza kasalimu amri. Kwa hiyo alimtuma binti, kisha yeye mwenyewe akaifunga fyuzi kwa mkono wake. Moto ulipotokea aliona aibu, kisha akaona njia: aliyefunga muziki alijulikana, na hakuwa yeye.

Akamshika binti yake mkono.

"Mwanangu, mwambie afande ni mumeo aliyekutuma. Mume hupatikana. Baba hapatikani."

Hofu ilimpanda Sajini, kwa kuwa mwanamke yule akikubali, fundi amekwisha. Ushahidi mwingine hakuwa nao, na aliyoyaeleza mzee angeweza kuyakana kesho.

Binti aliutoa mkono wake taratibu.

"Ni kweli hapatikani," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa naye mpaka sasa hivi."

Kisha akamgeukia Sajini. "Andika, afande. Aliyenituma ni baba."