Malkia Aliyefungiwa na Njaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ratidzo alifagia uwanja, akawafungulia kuku wa Ambuya, bibi yake, kisha akanywa uji akiwa amesimama mlangoni. Asubuhi ile ya Novemba uji ulipoa bila kuguswa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mjini Rusape, na kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kwa maelfu. Ambuya aliinama na beseni lake, akiwazoa wa kukaanga. Ratidzo hakuwa na haja nao. Yeye alitoka mbio kwenda kutafuta malkia wa sisimizi.

Shuleni kwao palikuwa na klabu ya watoto wanaofuga sisimizi. Ukiokota malkia aliyekwisha kudondosha mbawa, unamtia ndani ya kineli, kijibomba chembamba cha kioo chenye maji nyuma ya pamba. Akitaga na mayai yakaanguliwa, una kundi lako mwenyewe. Ratidzo alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijua aina za sisimizi kuliko wenzake wote, mpaka wakamwita Profesa. Lakini kundi hakuwa nalo. Malkia wake wawili wa mwaka uliopita walikufa kwa ukungu. Safari hii alimtaka malkia wa sisimizi wa magogo, wale weusi wakubwa wanaoishi miaka mingi. Klabuni hakuna aliyekuwa naye.

Kando ya uwanja wa mpira alimwona. Alikuwa mweusi na mkubwa, na mgongoni alikuwa na makovu ya mbawa. Ratidzo akamshika kwa vidole. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye kiwiko. Mdudu alikuwa amemchoma kwa mwiba wa mkiani, na vidole vikabaki vikinuka uvundo.

Sisimizi wa magogo hana mwiba, na Ratidzo alilijua hilo vizuri. Aliijua pia sheria ya klabu: malkia mwenye mwiba huachwa palepale alipookotwa, kwa sababu chumba chao kilitumiwa pia na watoto wa darasa la kwanza. Alisimama akipuliza kidole chake. Kisha akachukua kijiti, akamsukumia mdudu ndani ya kopo.

Hatua chache kutoka pale alikuwapo Tinevimbo, mvulana mpole wa darasa lake. Yeye alikuwa amempata mwingine wa aina ileile, akamfunika kwa kizibo cha chupa bila kumgusa.

"Profesa, huyu wangu ni nani?"

"Wa magogo," alisema Ratidzo. "Kama wangu."

"Usinitanie. Basi leo bahati imenidondokea."

Ratidzo alipopita nyumbani kuchukua mkoba, Ambuya alikunja pua. "Umeshika nini, mjukuu wangu? Hao wanaonuka hata kuku wangu hawawataki."

"Si hao, Ambuya. Wewe unawajua wa kula tu."

"Haya, mama wa vitabu," alisema Ambuya, akarudi kwenye beseni lake.

Shuleni, Mai Gwatidzo, mwalimu aliyeisimamia klabu, alifungua daftari. Kila malkia aliulizwa maswali yaleyale, na majibu ndiyo yaliyompa jina.

"Kiuno kina kifundo kimoja au viwili?"

"Kimoja, Mwalimu."

"Ananuka?"

"Hapana."

"Amemchoma mtu?"

Ratidzo alikunja ngumi ili kidole kilichovimba kisionekane. "Hapana, Mwalimu."

Tinevimbo naye akajibu vivyo hivyo, kwa kuwa Profesa alikwisha kusema.

"Basi ni wa magogo," alisema Mai Gwatidzo. "Mnakumbuka huyu anatunzwaje? Halishwi. Anaishi kwa akiba ya mwili wake mpaka watoto wake wa kwanza watoke. Kivisheni kineli chake soksi nyeusi apate giza, na tusimsumbue."

Vineli vikaingia kabatini, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwalimu. Kabati lilifunguliwa siku ya Ijumaa tu, watoto wakachungulia kwa dakika chache.

Ijumaa ya kwanza malkia wa Ratidzo alikuwa na mayai manane. Siku hiyo Ratidzo alirudi nyumbani akiruka.

Ijumaa ya pili yalibaki mawili. Malkia alikuwa anakwenda na kurudi ndani ya kineli, akiing'ata pamba kana kwamba anatafuta mlango. Malkia wa magogo hakai hivyo. Yeye hutulia juu ya mayai yake. Huyu alikuwa sungusungu, na malkia wa sungusungu hutoka kuwinda hata anapolea mayai yake ya kwanza. Walikuwa wamemfungia na njaa, naye ameanza kula mayai yake.

"Profesa, malkia wako anafanya mazoezi ya mpira?" alitania mmoja, na wote wakacheka.

Ratidzo alifungua kinywa aseme. Akaona jinsi watakavyomtazama, naye akacheka pamoja nao. Kabati likafungwa.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Ugali wa sadza aliuacha sahanini. Ambuya alipomuuliza kama anaumwa, alisema tumbo. Alipolala alimwona mdudu yule akiing'ata pamba gizani, na alijichukia. Kila siku alijiambia kwamba atamweleza mwalimu, na kila siku kengele ya kurudi nyumbani ilimkuta hajasema.

Ijumaa ya tatu malkia wake alikuwa amelala ubavu, miguu imekunjwa. Mayai hayakuwapo. Alikuwa amekufa.

"Pole, Ratidzo," alisema Mai Gwatidzo. "Wakati mwingine hutokea, hata ukifanya kila kitu sawasawa."

Wenzake nao wakampa pole mmoja mmoja. Ratidzo alitamani wamtukane.

Tinevimbo alikuwa amevua soksi ya kineli chake. "Mwalimu, wangu anaumwa? Anatikisa kipapasio kimoja tu."

"Tumwache atulie. Tukimsumbua tutamuua."

Mwalimu alianza kuirudisha soksi. Ratidzo aliona kile kipapasio kikiinuka na kushuka, na hakuweza tena kunyamaza.

"Mpe chakula, Mwalimu. Ana njaa. Wangu alinuka, na alinichoma. Nilikudanganya. Ni sungusungu."

Mai Gwatidzo hakugomba. Alisema, "Kimbia kwenye kichuguu nyuma ya jiko. Lete mchwa."

Ratidzo alikimbia akilia. Mwalimu alimponda mchwa mmoja, akachovya ncha ya jani la nyasi kwenye majimaji yake na kuigusisha kinywani mwa malkia. Hakutikisika. Akajaribu tena, na tena. Mara ya nne taya zilifunguka.

Tinevimbo alimgeukia Ratidzo. "Siku ile nilipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Tinevimbo akampa kisogo.

Jioni malkia alikuwa amesimama na amemaliza mchwa wawili. Mai Gwatidzo aliwachukua watoto wote wawili mpaka kando ya uwanja wa mpira, na Tinevimbo akakilaza kineli chini. Malkia alitoka polepole, akaingia kwenye ufa wa udongo na kupotea.

"Ratidzo," alisema mwalimu, "nami nina kosa. Nilipaswa kumwangalia kwa macho yangu badala ya kuandika tu. Lakini niliamini maneno yako, na Tinevimbo pia. Mdudu hawezi kutuambia kwamba ana njaa. Jina ulilompa ndilo lililomnyima chakula. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Na unalolijua liseme mapema, hata kama litakunyima kitu unachokipenda. Siku ile ungempoteza malkia wako, lakini angekuwa hai."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Huyu mmoja amepona kwa sababu leo umesema. Hilo nalo ulikumbuke."

Mwalimu akatangulia. Ratidzo alibaki na kineli chake, na ndani yake mdudu aliyekufa. Alimwomba Tinevimbo msamaha.

Tinevimbo aliinama akaokota kineli chake.

"Leo sitaki kuongea na wewe," alisema. "Labda Jumatatu."

Akaondoka. Ratidzo akapiga magoti, akaanza kuchimba kishimo kwa vidole.