Bolti Zilizokazwa Kila Jioni

Kabla sijafika kwa fundi, niseme langu, maana Mungu analijua na kulificha hakunisaidii kitu. Nilimsingizia mtu. Nusu ya niliyosema niliyaona kwa macho yangu. Nusu nyingine niliyatia chumvi ili maneno yakolee, na chumvi hiyo ndiyo iliyomtoa mtu nyumbani kwa dada yake. Mimi nashona viti vya magari, na kibanda changu kinatazamana na gereji ya fundi. Mengine yote amenisimulia fundi mwenyewe.

Ilianza na alama ya chaki.

Fundi alikuwa ameletewa gari la zamani, la mviringo mabegani kama mama mtu mzima. Binti mmoja alilirithi kwa baba yake na alitaka litembee tena. Chini ya kiti cha nyuma fundi alikuta bamba la chuma ambalo kiwanda hakikuliweka. Lilikuwa limefungwa kwa bolti sita, kutu imezila hadi vichwa vimevimba kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Bila kuling'oa, asingeweza kuchomelea sakafu iliyooza.

Hakuwa mtu wa haraka. Alizimwagia mafuta, akaziacha zinywe. Alizigonga vichwani kwa nyundo ndogo, akazipasha moto kwa gesi, akazigusisha mshumaa ili nta iyeyuke na kuingia kwenye meno. Kisha akafanya anavyofanya siku zote: akaikaza bolti kidogo kwanza, ndipo akaanza kuilegeza. Ukiivuta moja kwa moja inakatika. Ukiikaza kwanza, kutu inavunjika. Jioni ile ya kwanza bolti moja ilikubali nusu mzunguko. Akaiwekea alama ya chaki, akaenda nyumbani amefurahi.

Asubuhi alama ilikuwa imerudi ilikotoka, na bolti imekaza kuliko jana.

Alidhani amejichanganya. Siku ya pili akaweka alama mbili, moja kwenye bolti na moja kwenye bamba. Asubuhi, vilevile. Ndipo shaka ikamwingia, na shaka ikishamwingia mtu wa gereji, kwanza huangalia nani mwingine ana ufunguo.

Mwenye ufunguo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, tuliyemwita Kobe kwa jinsi alivyokuwa mzito wa kusema na wa kutembea. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na spana mkononi mwake ilionekana kama imeshikwa na mtu aliye ndani ya kioo. Fundi alipenda kumtania kwamba Kobe akimaliza kubadilisha tairi, gari limeshapitwa na wakati. Mwaka uliopita Kobe alisema amesikia mtu akipumua ndani ya basi bovu lisilokuwa na mtu. Fundi alicheka hadi akavunja mbavu zetu na zake, akaisimulia gereji nzima, na kwa miezi watu walikuwa wakimpita Kobe wanahema kwa nguvu. Tangu hapo Kobe hakusema tena alichosikia.

Sasa hapo ndipo nilipoingia mimi. Fundi alinivukia barabara, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeona mtu akiingia gereji yeye akishaondoka. Nikamwambia kweli: nimemwona shemeji yako, jioni mbili, amelala kifudifudi kwenye lile gari, spana mkononi, anavuta hadi mishipa ya shingo imemtoka. Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na kinyongo na Kobe kwa jambo dogo ambalo hata silikumbuki vizuri, nikaongeza kwamba nimemsikia akimwambia binti mwenye gari kuwa kazi imemshinda shemeji yake, ampe yeye. Hayo sikuyasikia. Niliyatunga nikiwa na sindano mdomoni.

Fundi hakuniuliza mara ya pili.

Alianza kumchunguza Kobe. Akila, anamtazama. Akicheka, anajiuliza anacheka nini. Na huku kwenye gari mambo yalizidi kuwa mabaya. Akigonga bolti mara tatu, alisikia mlio wa nne, mdogo, kutoka upande wa pili. Akazunguka gari haraka ili amkamate Kobe, akakuta ukuta mtupu. Bolti ikilegea kidogo, harufu ilipanda, harufu ya udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na fundi akajiambia ni sakafu imeoza. Kwa kila kitu alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa Kobe.

Mwishowe alimweka mbele ya mkewe, akamuuliza kama ni yeye anayezikaza. Kobe alikubali.

"Kwa nini?"

Kobe alitazama dada yake, akatazama chini. "Nikikwambia utacheka, shemeji."

"Sema."

"Mrudishie yule binti gari lake. Basi."

Fundi akaona hapo ushahidi umetimia. Akamwomba ufunguo. Mkewe alilia, akamuuliza kama anamfukuza ndugu yake kwa maneno ya mshona viti, na fundi akasema anamfukuza kwa maneno ya ndugu yake mwenyewe. Kobe alifunga nguo zake kwenye mfuko. Mlangoni akageuka.

"Kama huwezi kuniamini, acha hata moja. Usilegeze zote."

Kesho yake, saa ya jua kali, watu wote wameenda kula na hata mbwa wamejificha, fundi alibaki peke yake na gari. Bolti zilitoka kama meno mabovu. Moja, nyingine, nyingine, mpaka tano zikalala kwenye kitambaa zimepangwa kwa mstari, kama anavyopanga siku zote. Akafuta jasho, akaweka spana chini, akainua chupa ya maji.

Bolti ya sita ikasogea.

Alidhani ni jasho machoni, akapangusa, akainama, na akaiona ikizunguka bila mkono wa mtu, kidogo kwenda kulia, ikakaza, ikatulia kama inayovuta pumzi, kisha kidogo kwenda kushoto, ikalegea, halafu tena kulia, tena kushoto, taratibu, kwa subira ya fundi hodari, na hapo ndipo nywele zilipomsimama kwa sababu alikuwa anaitazama kazi yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiifanya siku zote hizo juu ya bamba huku kitu fulani chini yake kikisikiliza na kujifunza. Akarukia spana, akaanza kuikaza, na kutoka chini mkono mwingine ukavuta kinyume chake, hauchoki, hauna haraka, na fundi, mishipa ya shingo imemtoka, akajua ni nini nilichokiona mimi jioni zile mbili.

Spana iliteleza. Bolti ikaanguka. Bamba likainuka upana wa kidole, likashuka polepole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe wenye nyumba.

Alipopata moyo wa kulifunua, chini hapakuwa na kitu. Lakini bolti zile zilizokuwa na kutu vichwani, ncha zake za chini ziling'aa kama pete iliyovaliwa miaka mingi.

Usiku huo kitanda cha wanawe kilianguka. Hawakuumia, Mungu ashukuriwe. Nati zake zilikutwa sakafuni, zimepangwa kwa mstari. Kesho yake bawaba za mlango. Keshokutwa fundi alilishika gurudumu la gari alilokuwa amemkabidhi mteja muda huohuo, likacheza mkononi mwake.

Akaletwa mzee wa dua. Alisoma tangu alasiri hadi sauti ikamkauka, akamkemea yule kiumbe kutoka chumba hadi chumba mpaka ndani ya gari, wakalirudisha bamba, wakakaza. Bolti tano zikashika. Ya sita, kila fundi akigeuka, ilikuwa imelegea.

Mzee aliitazama mikono ya fundi. "Wewe umeshamfundisha. Mkono wako anaujua kuliko unavyojijua. Nani alikuwa anaikaza kabla?"

Mke wa fundi alitoka nje kwenda kumtafuta ndugu yake.

Hivi sasa fundi analala kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, spana kifuani, anaikaza akishtuka, na kila siku inamchukua muda mrefu zaidi kuishinda. Leo asubuhi mimi nimekaa kwenye stuli yangu ya kazini, ikafunguka miguu yote kwa pamoja. Skrubu zilikuwa zimepangwa chini ya meza.

Tumemtafuta Kobe gereji zote tunazozijua. Basi wewe unayenisikiliza, nakuomba. Ukipita popote penye magari mabovu ukamwona mtu mzito wa maneno, anashika spana kwa kushoto, mwambie mshona viti amekiri kwa dada yake kwamba alisema uongo. Mwambie shemeji yake hacheki tena. Usimwulize alichosikia. Mwambie tu arudi.