Siku Tisa za Domisiana

Furushi la sare za kwaya, magauni ishirini na manne ya rangi ya zambarau, lilipanda basi la Biharamulo wakati mwenyewe alikuwa anakwenda Rulenge. Domisiana alipogeuka kulitafuta, stendi ya Ngara ilikuwa imejaa watu wa soko, na basi lenyewe lilikwisha kuteremka kilima na kuacha vumbi.

"Dada, ukiendelea kuzunguka hivyo bodaboda watakugombania," alisema mkata tiketi mmoja mrefu, shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata mkate. "Ni lako lile furushi la shuka la bluu?"

"Ni langu. Nani aliyelipandisha?"

"Mimi."

"Basi zunguka wewe."

Alicheka, akampigia simu dereva, akaazima pikipiki, akalifuata furushi mpaka Benaco. Alirudi saa sita, kope zimegeuka nyekundu kwa vumbi na kifungo kimoja cha shati hakipo. Domisiana, ambaye alikuwa na cherehani yake nyuma ya soko, alimshonea kifungo kingine palepale, shati likiwa mwilini.

"Usinichome," alisema yule kijana, ambaye jina lake ni Leonidas.

"Sijaamua bado."

Toka siku hiyo simu yake Domisiana ililia kila alfajiri. "Abiria wangu, umeamka?" Naye akijibu, "Nimeamka, mkata tiketi. Leo umepoteza mizigo ya nani?" Mwaka ukapita hivyo. Wajomba wa Leonidas walikwenda Rulenge kwa wazazi wa Domisiana, wakapokelewa vizuri, na paroko akaambiwa kwamba ndoa itaanza kutangazwa mwezi ujao. Jambo moja tu lilimshangaza Domisiana. Kila alipoomba apelekwe Nyakisasa kwa mama mkwe, Leonidas alipata sababu. Mara mvua, mara zamu, mara mama hapendi wageni.

Kisha mama huyo, Ildefonsa, akaugua. Ulikuwa uvimbe wa tumboni, na madaktari walisema apasuliwe Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Domisiana hakuwa na fedha za kusaidia wala ujuzi wa uganga. Alikuwa na kitu kimoja, nacho alikitoa. Aliweka nadhiri ya novena, siku tisa za sala, na katika siku hizo afunge chakula na maji toka alfajiri mpaka jua lizame. Alianza Jumatatu, wiki moja kabla ya upasuaji. Alikumbuka alivyofundishwa katekesi, kwamba anayefunga apake mafuta usoni ili watu wasijue, ajue Baba peke yake. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Alijipaka mafuta, akavaa vizuri, akashona nguo za watu huku ulimi umemkauka mdomoni.

Jumamosi, siku ya sita, Leonidas alipiga simu saa tatu. "Mpenzi, mama anataka kukuona kabla ya kwenda hospitali. Leo. Ameshakamua ndizi."

"Leo hii?"

"Kwani leo una mchumba mwingine?"

Alivaa kitenge chake kipya cha majani ya kijani, kilemba cha kitambaa hichohicho, hereni ndogo za shaba. Uso uling'aa kwa mafuta. Mtu angemwona angesema huyu ametoka kula wali.

Huko Nyakisasa, Mama Ildefonsa alikuwa amekaa juu ya mkeka uani, mikono myembamba kama fito, tumbo limejaa chini ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe uliyemfundisha huyu kupiga pasi."

"Nilimkuta hivyo, mama. Labda alikuwa ananisubiri."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akavuta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akachomeka mrija. Kwa desturi mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone ni salama, halafu mrija hugeuzwa kwake. Mama akaonja, akageuza mrija.

"Nisamehe, mama," alisema Domisiana. "Leo sitakunywa."

"Kidogo tu. Ni tamu bado."

"Hapana, mama."

"Unaumwa?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini alikuwa katikati ya sala ya siku tisa, akaona haya kuiwekea uongo. "Siumwi, mama."

Mama alimtazama ule uso unaong'aa. Akavuta mrija mara ya pili, kwa muda mrefu, shingo yake iliyokonda ikionyesha wazi jinsi anavyomeza. Akageuza tena mrija. Mkono ulikuwa unatetemeka.

"Nisamehe, mama."

Basi mama akaufunika mdomo wa kibuyu kwa jani la mgomba. "Sawa," alisema taratibu. "Kumbe wamekwambia."

Wakiwa njiani kurudi, katikati ya migomba, Leonidas alisimama. "Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usijifanye. Nikiwa darasa la sita, jirani yetu alikunywa kwetu, asubuhi akakutwa amekufa. Wakasema mama amemtilia sumu. Toka siku hiyo hakuna mtu wa kijiji hiki aliyegusa kikombe chetu. Miaka ishirini, Domi. Mama alikamua ndizi juzi akiwa amekaa, tumbo linamuuma, kwa sababu alijua mkwe wake atakunywa."

Domisiana alimshika mkono. "Sikuambiwa na mtu. Nakuapia."

"Basi kwa nini ulikataa?"

Neno lilifika mdomoni, akalizuia. Zilibaki siku tatu. Alijiambia kwamba Mungu aliyepewa siri hii ataitetea mwenyewe. "Nipe siku tatu, nitakwambia kila kitu."

"Siku tatu za nini? Za kutunga?"

Jumapili baada ya misa alipiga simu mara nne. Mara ya tano Leonidas alipokea. "Usije hospitali. Mama amesema hataki kufa akitazamwa na mtu anayemwogopa."

"Leonidas, mwambie nampenda."

"Ungemwambia mwenyewe ulipokuwa na nafasi," akakata.

Rafiki yake Priscila, waliyeshiriki naye chumba cha kushonea, alikuwa ameshahesabu sahani zisizoguswa. "Wewe umefunga," alisema. "Mwandikie ujumbe sasa hivi. Maneno mawili tu."

"Niliahidi kimya."

"Ulimwahidi Mungu au ulijiahidi wewe?"

Domisiana alizima taa akaanza sala. Usingizi ulimjia akiwa amepiga magoti.

Jumatatu saa mbili asubuhi ujumbe ukaingia. Mama amefariki. Moyo ulisimama kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Hakuna salamu, hakuna jina.

Domisiana alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Priscila alimletea uji, akausogeza pembeni.

"Unamwombea nani sasa? Amekufa."

"Niliahidi tisa."

Jioni hiyo sala haikutoka. Alibaki na maneno machache, akayarudia kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo taa imezimwa: Bwana, sikuelewi, lakini sijaondoka.

Mazishi yalikuwa Jumanne. Majirani wa Nyakisasa walikuja wote, maana kuzika ni lazima, ila walikaa nje ya ua na madumu yao ya maji na viazi vyao vya kuchemsha. Hakuna aliyeomba hata maji ya kunawa. Domisiana alifika amevaa nguo nyeusi, uso mkavu, midomo imepasuka.

"Umekuja kuona tumebaki wangapi?" aliuliza Leonidas.

Kaburi lilipofunikwa, Domisiana aliingia ndani ya nyumba, akatoka na kile kibuyu cha Jumamosi, jani bado juu yake. Akakaa chini katikati ya uwanja, akakiweka mapajani. Ilikuwa saa kumi. Watu waligeuka wakamtazama. Hakunywa.

Nusu saa ikapita. "Amekiogopa huyo," ilisema sauti ya mwanamke nje ya ua, na mtu akacheka.

Leonidas alimwendea na kuinama. "Usitudhalilishe mara ya pili. Kunywa au kirudishe."

"Jua likizama."

"Nini?"

"Nitakunywa jua likizama. Leo ndiyo siku ya tisa."

Alibaki ameinama. Akaanza kuhesabu kwa vidole, nyuma, Jumatatu, Jumapili. "Jumamosi ilikuwa..."

"Ya sita."

"Ulikuwa unafungia nini?"

"Uvimbe wa mama."

Leonidas alikaa chini kando yake. "Ungeniambia," alisema.

"Na wewe ungeniambia."

"Amekufa akidhani ulimwona mwuaji."

"Najua." Alijua pia kwamba siri ile haikuwa yote ya Mungu. Sehemu yake ilikuwa ya fahari yake mwenyewe, na sehemu hiyo ndiyo iliyomzika mama mkwe na huzuni. Hilo hakuna novena ingelifuta.

Jua lilizama nyuma ya vilima vya upande wa Burundi. Domisiana alifanya ishara ya msalaba, akatoa jani. Wa kumwonjea hakuwepo tena. Akavuta mrija. Rubisi ilikuwa imechachuka kama siki, ikamchoma tumbo tupu, naye akaendelea kumeza mpaka watu wote waliona koo lake likipanda na kushuka. Akageuza mrija kwa Leonidas. Naye akanywa, machozi yakiingia mdomoni pamoja na pombe.

Nje ya ua akainuka mzee Kazimili, ndugu wa yule jirani aliyekufa zamani. Alikuja na fimbo yake, akapiga goti kwa shida, akafuta mrija kwa kiganja, akanywa.

"Imechachuka," alisema. "Ildefonsa mwenyewe hakuwahi kumpa mtu pombe chachu." Akainuka akaenda zake. Wengine waliokota madumu yao wakamfuata, bila kugusa kitu.

Leonidas alimsindikiza Domisiana mpaka barabarani.

"Ulipata ulichoomba?"

"Hapana."

"Na bado utaomba?"

"Niende kwa nani mwingine?"

Pikipiki ya kumchukua ilikuwa inakuja, taa yake ikipanda na kushuka. "Kuhusu kutangazwa kwa ndoa," alisema Leonidas, "sijui, Domi. Nikikutazama naona ule mkono wa mama unatetemeka."

"Na mimi nauona."

"Unaanza tena lini?"

"Kesho alfajiri. Namwombea marehemu."

Leonidas alitazama chini, kwenye viatu vyake vilivyojaa udongo wa kaburi. "Nipigie uniamshe."

Alfajiri simu ililia mara moja tu.

"Mkata tiketi, umeamka?"

"Sikulala."

"Basi piga magoti," alisema Domisiana, na akasubiri mpaka aliposikia kitanda kinalia.