Sale Lenye Fundo

Umeme ulikuwa umekatika mara mbili kabla ya saa sita mchana, na kafe ya intaneti nyuma ya stendi kuu ya Arusha ilijaa watu wenye hasira. Ilikuwa Julai, baridi kali. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu tangu asubuhi. Kila mtu alitaka barua pepe yake iliyopotea irudi, na kila mtu alimwita Lesian.

Lesian alikuwa fundi wa mashine mle ndani. Kijana mrefu, Mwarusha wa Ngaramtoni, sweta la bluu lililotoboka kiwiko, maneno machache. Aliporudi mezani kwake alikuta msichana amekalia kiti chake. Sketi ya jinzi, blauzi nyekundu, nywele zimesukwa yeboyebo, na miguuni mfuko mkubwa wa nguo za watoto.

"Dada, hiyo mashine si ya wateja."

"Ndiyo pekee iliyo hai," msichana akajibu bila kugeuka. "Hivi hii ni nini? Mbona umekaanga mayai angani?"

Kwenye kioo kulikuwa na mchezo wa nyota. Kila mchezaji anashika nyota, anajenga, anatuma vyombo mbali zaidi. Kila nyota ilizungukwa na duara la rangi. Hilo ndilo lilikuwa eneo la mwenye nyota, na kweli maduara yalifanana na mayai.

"Hiyo ni mipaka," Lesian akasema. "Nyota ikikua, duara linakua. Maduara mawili yakikutana, kubwa linameza dogo."

"Bila kuulizana?"

"Bila kuulizana. Unalala chombo chako kiko kwako, unaamka unaambiwa umevamia. Vita inaanza."

"Nani anachora?"

"Kompyuta."

"Peke yake? Basi ndiyo maana mnauana." Akacheka, akageuka, ndipo Lesian akamwona uso. "Naitwa Evaresta. Kila wiki mimi navuka Namanga kufuata hizi nguo Nairobi. Pale kuna geti letu na kuna geti lao. Katikati kuna kipande si cha mtu. Watu wanakaa, wanakunywa chai, wanapatana bei. Kipande hicho kwenye mayai yako sikioni."

Lesian alikuwa amehangaika na mchezo ule miezi mingi. Sheria zake ziliandikwa kwenye mafaili ambayo mtu mwenye subira angeweza kuyafungua na kuyabadilisha, na alikuwa amebadilisha mengi. Mipaka ndiyo ilimshinda. Sasa muuza nguo alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kumwambia kilichopungua.

"Unakunywa chai?" akauliza.

"Nilidhani hutauliza."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na sitayarefusha. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mjini lakini kupiga kulikuwa ghali, hivyo walibipu. Mlio mmoja, nimefika salama. Miwili, nimekukumbuka, piga.

"Halo, nani huyo ananisumbua?" Lesian alikuwa akisema.

"Mkeo wa baadaye. Una mwingine?"

"Ngoja nihesabu."

"Hesabu vizuri, Lesi, nikifika nakukata vidole, ukose vya kuhesabia."

Jumamosi alasiri, akishafunga duka lake dogo kule Kwa Mrombo, Evaresta alikuja kafe akiwa amejipaka mafuta yenye harufu ya nazi, wakacheza. Yeye mashine ya kwanza, Lesian ya pili, nyaya zikiwaunganisha. Lesian alikuwa ameweka kile kipande kati ya mipaka, ukanda mweusi ambamo hakuna aliyeruhusiwa kujenga. Nyota yake kubwa aliipa jina la Ngaramtoni. Evaresta ya kwake aliiita Kibosho, kwao.

Sheria mpya ilikuwa na tundu. Kujenga kulikatazwa, lakini kuegesha vyombo hakukukatazwa. Evaresta aliliona tundu hilo. Jumamosi moja ya Mei alijaza vyombo ukandani huku akimpigia Lesian stori za Nairobi, kisha kwa zamu moja akaichukua Ngaramtoni. Akapiga makofi mpaka wateja wakageuka.

"Umekwisha, baba! Nimekaa kwako, hata hodi sijapiga!"

Lesian akazima kioo.

"Ndivyo mlivyo ninyi Wachaga," akasema. "Mnakuja mkicheka. Tukigeuka, mmeshajenga."

Evaresta akashusha mikono.

"Ninyi nani, Lesian? Mimi niko mmoja hapa."

"Baba yangu alikufa akitazama mahindi ya ndugu yake yakiota kwenye shamba letu. Kila mwaka sale lililopandwa mpakani linahama hatua moja. Hatua moja tu. Utampigia mtu kelele kwa hatua moja?"

"Hujawahi kuniambia."

"Sasa nimekuambia."

Evaresta akachukua mkoba wake akatoka. Viatu vyake vilisikika mpaka barabarani.

Jumatatu, Lesian alikuwa amekwenda kununua waya. Aliporudi alikuta kitu juu ya kibodi yake. Jani la sale, bichi, refu, limefungwa fundo katikati. Sale ni ule mmea ambao Waarusha huupanda mpakani mwa mashamba, na Lesian alikua akiuchukia. Hakuuliza nani ameliweka. Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa bado ipo.

Aliona amewekewa mpaka. Huku wewe, kule mimi, usivuke.

Jioni ile simu ikalia mara mbili, ikakatika. Kesho yake mara mbili. Siku ya tatu mara mbili tena. Lesian aliitazama ikilia na kuona anadhihakiwa. Mtu amepanda sale, bado anakuja kuchungulia? Hakupiga. Simu ikanyamaza moja kwa moja. Siku moja alipita Kwa Mrombo akijidanganya kuwa ana safari ya huko, akakuta duka la Evaresta sasa linauza ndoo.

Mtu mpweke mjini hufanya kazi sana. Wenzake walipokwenda kwenye nyama choma, Lesian alikaa na mafaili. Kwanza aliurudisha mchezo pale ulipokuwa kabla Evaresta hajavamia, nyota zote za Evaresta mahali pake, zamu ikiwa ya Evaresta. Mchezo huo akautunza kando, akawa hauchezi. Kisha akaandika mipaka upya. Maduara aliyatupa. Mpaka sasa ulichorwa na wachezaji wawili wakikubaliana, na haukusogea hata kidogo kama mmoja hayupo. Kwenye ukanda wa katikati chombo kiliweza kupita na kupumzika, lakini hakikuweza kushambulia kikitokea pale. Alama ya mpaka alichora sale. Alilichora kama alivyolikuta kwenye kibodi, na fundo lake, maana huo ndio ulikuwa mpaka wa mwisho aliowekewa.

Wateja wakaupenda mchezo. Vita vilipungua, hila zikaongezeka. Aliyeupenda kupita wote alikuwa mzee Dismasi, muuza vipuri kutoka Kibosho, aliyekuwa akitoroka dukani kwake mchana kuja kucheza.

"Shikamoo, mzee," Lesian akamwamkia siku moja ya Novemba.

"Marahaba. Njoo hapa, fundi. Mchezo wako mzuri, lakini hili sale umelikosea."

"Nimelikosea vipi?"

"Sale la mpakani hupandwa, lina mizizi. Hili limefungwa fundo. Sale la fundo kwetu ni la kuomba msamaha. Mtu amekukosea, anakuletea. Haelezi, analiweka mbele yako. Na wewe ukiletewa huwezi kukataa. Hata kama alikuulia ng'ombe. Wachaga hawalikatai."

Lesian akakaa chini.

"Na ukikataa?"

Mzee Dismasi akamtazama juu ya miwani. "Sijawahi kumwona mtu wa hivyo. Vipi, wewe umemwona?"

Namba ya Evaresta haikupatikana. Jirani wa lile duka la ndoo ndiye aliyemwambia kuwa siku hizi anauza Namanga. Alhamisi Lesian akaenda. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi alishika jani la sale alilolikata kwenye mpaka wa shamba la baba yake, pale palipohamishwa. Fundo alilifunga mwenyewe.

Alimkuta kwenye kile kipande kati ya mageti mawili. Evaresta alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, kanga imefungwa kiunoni juu ya gauni la kijani, nywele amezikata. Alikuwa amekonda. Aliliona jani kabla ya kuuona uso wa aliyelishika.

"Umechelewa," akasema.

"Nilidhani umeniwekea mpaka."

"Mpaka! Nilikwenda mpaka Kibosho kwa mama kulichuma. Mama akaniuliza, umemkosea nani? Nikamwambia mtu ambaye nimemchezea kidonda cha baba yake bila kujua. Miezi yote hii najua nimependa mtu aliyekataa sale."

"Kwetu fundo hatulijui, Eva. Kwetu sale ni kesi."

"Ungeuliza."

"Ningeuliza. Na yale niliyosema juu ya Wachaga, nimekuja nayo pia. Naomba unisamehe."

Akaliweka jani mapajani mwake. Upepo wa vumbi ukapita. Evaresta akalishika lisipeperuke.

"Silikatai. Nimekusamehe. Lakini kusamehe ni kitu kimoja, Lesian, na kurudi ni kitu kingine. Nimejifunza kukaa peke yangu. Ilikuwa kazi."

"Najua. Hata mimi."

"Nyota zangu umezifanya nini?"

"Ziko pale pale. Hakuna aliyezigusa. Mpaka hausogei kama mmoja hayupo. Zamu ni yako tangu Mei."

Gari la Nairobi likapiga honi upande wa pili. Evaresta akajitwika mfuko, akalichomeka sale ndani ya kanga, akatembea kuelekea geti la kule. Hakuaga. Lesian akarudi geti la huku.

Gari la Arusha lilipoanza kuondoka Namanga, simu ikalia mara moja mfukoni. Ikakatika. Nimefika salama. Namba hakuijua. Lesian akaishika simu kwa mikono miwili. Nje palikuwa nyasi kavu tupu na mbuzi wa mtu. Abiria wa pembeni akamuuliza kama anaumwa.

Ikalia tena, mara mbili.

"Dereva, naomba simama!"

Akasimama kando ya lami, vumbi likimchafua shati, akapiga.

"Halo, nani huyo ananisumbua?" akauliza.

Evaresta hakucheka. "Jumamosi nakuja kucheza zamu yangu," akasema. "Weka viti mbali. Bado nina hasira."

"Mbali kiasi gani?"

Honi ya gari la Nairobi ikasikika ndani ya simu.

"Acha nafasi ya kuweka chai," Evaresta akasema.