Mbung'o Mwenye Nukta Nyekundu

Epifania alianza kumshuku mume wake kwenye sinia la ugali. Nestori alimega tonge, akalichovya kwenye maharage yenye mawese, kisha akasinzia tonge likiwa mkononi. Mchuzi ukamdondokea gotini.

"Baba Leonidasi!" Epifania akaita. "Unakula au unalala?"

Nestori akashtuka. "Nani kalala? Usinipigie kelele!"

Hilo nalo lilikuwa jipya. Pale kijijini Busunzu, Nestori alijulikana kwa upole wake. Alikuwa mfuga nyuki. Kila wiki alivuka mto na kuingia porini kukagua mizinga yake. Alivaa koti jeusi alilolipenda kuliko baadhi ya shemeji zake. Zamani alirudi na asali na masimulizi. Siku hizi alirudi na homa na kichwa kinachouma. Usiku hapati usingizi, mchana anaanguka popote na kukoroma.

Epifania akawaza mambo mawili. La kwanza: huyu ana mwanamke ng'ambo ya mto. La pili lilimtia baridi mwilini: huyu kafanyiwa kitu.

Jirani yake, Theodosia, akalichukua hilo la pili. Theodosia alikuwa na kila habari, na ile aliyoikosa aliitunga mwenyewe.

"Ni wale watu wa hema," akasema.

Watu wa hema walikuwa watafiti wa magonjwa. Walifika mwaka ule wa 1976, wakapiga hema karibu na shule. Mmoja aliitwa Hilali. Kila asubuhi alipita njia ya porini na mwenzake, wakiwa wamebeba kitambaa cheusi kwenye fito. Walitembea kidogo, wakasimama, wakatembea tena. Mwingine alikuwa dada mmoja, Mwanaamina, binti wa mwenye duka wa Kasulu mjini. Yeye alitoboa watu vidole na kuchukua damu.

"Nani anatembeza kitambaa cheusi porini kama anazika?" Theodosia akauliza. "Na hiyo damu inakwenda wapi? Mumiani hao, Mama Leonidasi!"

Epifania aliamini. Balozi wa nyumba kumi alipopita kuita watu wakapimwe, alimwambia Nestori yuko kwenye mizinga. Kumbe Nestori alikuwa amelala nyuma ya ghala. Balozi akarudi mara ya pili. Epifania akadanganya tena, bila kupepesa macho.

Siku moja alikwenda mtoni kuchota maji. Akamwona Hilali amechuchumaa. Kwa vidole viwili alikuwa amemshika mbung'o, yule inzi mkubwa anayeuma watu na ng'ombe. Alichovya kijiti kwenye kopo la rangi, akamtia mbung'o nukta nyekundu mgongoni. Halafu akafungua vidole. Mbung'o akaruka zake.

Epifania nusura adondoshe mtungi. Mtu mzima anamkamata mdudu mbaya, anampaka rangi, kisha anamwachia? "Wanawafuga!" akasema moyoni. "Wanawafuga na kutuletea sisi!"

Baada ya siku tatu, Nestori alirudi kutoka porini akipepesuka. Alipogeuka kuweka fimbo, Epifania aliona kitu mgongoni mwake, kwenye lile koti jeusi. Akapiga kofi. Mbung'o akaanguka chini. Mgongoni alikuwa na nukta nyekundu.

Hasira ilimpanda. Akamtia mdudu kwenye kiberiti kitupu, akaenda mpaka kwenye hema.

"Mwakeye, mama," Mwanaamina akamwamkia.

Epifania hakuitikia. Kwa Muha, kuacha salamu ikining'inia hivyo ni tusi zito. Mwanaamina alilielewa, akasimama.

"Huyu ni wenu," Epifania akasema na kufungua kiberiti. "Mmemtuma nyumbani kwangu. Mnataka nini kwa mume wangu?"

Mwanaamina akainama kutazama. "Ni wetu kweli. Umemkuta wapi?"

"Mgongoni kwa mume wangu! Kwenye koti lake jeusi!"

"Hilali!" Mwanaamina akaita. "Njoo upesi! Nyekundu imefika kwenye nyumba!"

Hilali akaja mbio, akacheka kwa furaha.

"Mnacheka?" Epifania akauliza. "Mume wangu anakufa, ninyi mnacheka?"

Kicheko kikakatika. Mwanaamina akaona haya.

"Utusamehe, mama," akasema. "Keti, nikueleze. Waliotiwa rangi nyekundu tuliwaachia mtoni. Waliotiwa nyeupe tuliwaachia njia ya shule. Tulitaka kujua kama mbung'o wa mtoni wanafika kwenye nyumba zenu, na wanafikaje. Miezi miwili hatukujua. Leo wewe umetuonyesha. Wanapanda migongo ya watu! Mbung'o anapenda kitu cheusi kinachotembea. Ndiyo maana Hilali anatembeza kitambaa kile."

"Kwa nini msiwaue tu?"

"Tukiwaua hawa wachache, porini wanabaki maelfu. Tukijua wanapopita, tutajua pa kufyeka."

Maneno yalikuwa mazuri. Lakini Epifania hakuwa mtu wa kulainishwa na maneno mazuri.

"Na wanaleta nini, hao mbung'o?"

"Malale, ugonjwa wa usingizi," Hilali akajibu. "Mimi nayajua, dada, yalinikamata. Kazi hii niliianza kwa kubeba kitambaa. Sisi ndio chambo, tunaumwa kila siku. Mwaka wa tatu nikaanza kupata homa. Usiku sipati usingizi, mchana nasinzia. Nikawa mkali nyumbani. Nikamshuku mke wangu bure. Tukagombana, karibu tuachane."

Epifania akakumbuka lile tonge la Nestori.

"Ulikuwa unasinzia hata ukila?" akauliza polepole.

"Hata tonge likiwa mkononi. Nilipopona, wenzangu walidhani nitaiacha kazi. Nikaomba nipelekwe Tabora kuisomea."

Mwanaamina akamtazama Epifania. "Mama, mumeo yuko wapi?"

Hapo moyo wa Epifania ukagawanyika. Akimleta Nestori na hawa wakawa mumiani kweli, je? Na asipomleta?

"Kwanza nionyesheni damu inakwenda wapi," akasema. "Anzeni na mimi."

Akatoa kidole. Mwanaamina akamtoboa, akapaka tone moja kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya darubini. Epifania akachungulia. Aliona vitu vya mviringo, vingi, vimetulia.

"Hiyo ni damu yako, na haina kitu," Mwanaamina akasema. "Ukitaka, ondoka nayo."

Epifania alikichukua kioo chake kweli. Alikifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda kumwita mume wake.

Nestori alipimwa mchana uleule. Safari hii, Epifania alipochungulia, kati ya vile vitu vya mviringo aliona kijidudu kimoja chembamba kinachojinyonganyonga. Akarudi nyuma kwa hofu. Hicho ndicho kilichokuwa kikimla mume wake. Hakuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto, wala mchawi.

"Angechelewa mwezi mwingine, sijui," Mwanaamina akasema taratibu.

Epifania alikumbuka uongo wake mara mbili kwa balozi. Akaketi chini na kulia.

Landrova ya watafiti iliwapeleka Kabanga, kwenye hospitali ya misheni. Daktari alimchoma Nestori sindano ya uti wa mgongo, kujua kama malale yamefika kichwani. Yalikuwa yamefika. Dawa yake ilikuwa kali, na kuna siku Nestori aliomba waiache. Epifania alikataa katakata. Baada ya wiki saba, mume wake alikula sahani nzima akiwa macho, akaulizia nyuki wake.

Busunzu kulikuwa na kazi. Hilali na Mwanaamina waliwaonyesha wanakijiji mahali mbung'o wanapowasubiri watu. Watu wakaitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakafyeka vichaka vya kivukoni na vya mahali pa kuchotea maji. Wafuga nyuki wakaacha nguo nyeusi, na kabla ya kuingia kijijini walikung'utana migongo. Nestori aliligawa koti lake, akanunua la kaki. Alinuna siku mbili.

Lakini si wote waliokubali kupimwa. Epifania akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Siku moja, saa sita mchana, akafika kwa Theodosia. Mumewe, Stanislaus, naye alikuwa na mizinga porini.

Theodosia akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Oya, hapana! Mimi damu yangu siitoi. Na wewe wamekuroga?"

"Hawakuniroga," Epifania akasema. "Mimi ndiye niliyemficha Nestori nyuma ya ghala. Nilikuwa namuua, huku nadhani namlinda."

Theodosia akafungua mdomo kujibu. Kutoka ndani, nyuma yake, Stanislaus alikuwa anakoroma. Wanawake wawili wakasikiliza. Theodosia akatazama jua lililokuwa katikati ya mbingu, kisha akatazama ndani.

"Ni siku ya tano sasa," akasema kwa sauti ndogo.

Akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi.

"Ingia, Mama Leonidasi. Nisaidie kumwamsha."